Maisha ya Matthew Arnold, Mkaguzi wa Shule (1822–1888)

Hakuna habari inayomshtua mwalimu mgeni kazini kama kuambiwa kwamba mkaguzi yu njiani. Ubao hufutwa na kuandikwa upya, maandalio ya masomo yaliyosahauliwa hutafutwa kabatini, na watoto huonywa wakae kimya. Mgeni akisha kuondoka, shule huurudia mwendo wake wa kila siku. Yafaa basi tujiulize, sisi tuliomo katika kazi hii pamoja na wale wanaojiandaa kuingia: ni ukaguzi wa namna gani unaoifanya shule kuwa bora, na ni wa namna gani unaoifundisha shule kujipamba kwa siku moja tu?

Swali hili si geni. Huko Uingereza, zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, liliwagawa wabunge, wakuu wa elimu na walimu. Aliyelijua kwa uzoefu kuliko wengi alikuwa Matthew Arnold. Wasomaji wa fasihi wanamfahamu kuwa mshairi na mhakiki. Wachache wanakumbuka kwamba riziki yake aliipata kwa kuzungukia shule za watoto wa wafanyakazi, kazi aliyoifanya kwa miaka 35. Tunayaeleza maisha yake hapa kwa sababu ya kazi hiyo.

Malezi yake

Arnold alizaliwa tarehe 24 Desemba 1822 katika kijiji cha Laleham, kando ya mto Thames. Baba yake, Thomas Arnold, alikuwa kasisi na mwalimu. Mwaka 1828 alifanywa mwalimu mkuu wa shule ya Rugby, na kwa juhudi zake jina la shule hiyo likavuma nchini kote. Mtoto alikulia basi katika nyumba ambamo mambo ya shule yalikuwa mazungumzo ya kila siku. Hata hivyo yeye mwenyewe hakuwa mwanafunzi wa kutegemewa. Alisoma Winchester kwa muda mfupi, kisha Rugby chini ya macho ya baba yake, na mwaka 1841 akaingia chuo cha Balliol huko Oxford. Alipenda mavazi mazuri, mzaha na kuvua samaki, na mwaka 1844 akapata shahada ya daraja la pili tu. Baba yake hakuyaona hayo, kwa kuwa alifariki ghafla mwaka 1842.

Mwaka 1847 Arnold alipata kazi ya ukatibu kwa Lord Lansdowne, aliyekuwa kiongozi wa Baraza la Malkia, ambalo ndilo lililosimamia fedha za elimu. Baada ya miaka michache kijana huyu alitaka kumwoa Frances Lucy Wightman, binti wa jaji, lakini hakuwa na mapato ya kutunzia nyumba. Lansdowne akamteua kuwa Mkaguzi wa Shule mwezi wa Aprili 1851, na mwezi wa Juni harusi ikafanyika. Tuseme kweli: hakuingia katika elimu kwa wito. Aliingia kwa sababu alihitaji mshahara. Huenda wamo miongoni mwetu waliofika chuoni kwa njia kama hiyo, nao wasivunjike moyo. Namna mtu alivyoingia kazini si kipimo cha kazi atakayoifanya.

Shule alizozikagua

Uingereza ya wakati ule haikuwa na mfumo wa shule za msingi za serikali. Shule zilijengwa na kuendeshwa na makanisa pamoja na vyama vya hiari, na wazazi walilipa karo ndogo kila juma. Serikali ilianza kusaidia mwaka 1833 kwa kutoa pauni 20,000 za ujenzi. Mwaka 1839 iliundwa Kamati ya Elimu ndani ya Baraza, na mwaka huo huo wakateuliwa wakaguzi wawili wa kwanza. Sharti lilikuwa jepesi kueleweka: anayepokea ruzuku amfungulie mkaguzi mlango. Shule za Kanisa la Uingereza zilikaguliwa na makasisi ambao uteuzi wao ulihitaji ridhaa ya maaskofu wakuu. Arnold hakuwa kasisi, kwa hiyo alipewa shule za Kiprotestanti zisizokuwa za kanisa hilo, zikiwamo zile za Wamethodisti.

Kando ya hizo zilikuwako shule nyingi za watu binafsi. Baadhi yake zilikuwa chumba kimoja tu cha mwanamke mzee aliyewalinda watoto huku akiendelea na shughuli zake za nyumbani. Shule hizo hazikupokea ruzuku, na kwa hiyo mkaguzi hakuzifikia. Hapa twaona kasoro ya kwanza ya mpango ule: usimamizi ulifuata fedha, haukumfuata mtoto. Mtoto wa shule iliyo duni kuliko zote ndiye aliyekosa mtu wa kuuliza habari zake.

Eneo la kwanza la Arnold lilienea katika majimbo ya katikati ya nchi na kuingia Wales. Alisafiri kwa treni mwaka mzima, akilala katika nyumba za kupanga, na mara nyingi mkewe alifuatana naye. Mtoto wao mmoja alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo mjini Derby. Alipofika shuleni alitazama jengo, hewa na mwanga, vitabu na ramani, daftari la mahudhurio na nidhamu. Alizungukia madarasa akisikiliza na kuuliza maswali. Aliandika neno juu ya cheti cha mwalimu, na neno hilo liliweza kumjenga au kumwangusha. Kisha aliwatahini walimu wanagenzi, yaani vijana walioanza kazi wakiwa na umri wa miaka 13 na kujifunza ualimu kwa miaka mitano chini ya mwalimu mkuu, kwa utaratibu ulioanzishwa mwaka 1846.

Ripoti yake ya mwaka 1852 yaonyesha jicho la mkaguzi mwema. Aliona kwamba baadhi ya shule za Wamethodisti zilitoza karo iliyo juu, na kwa sababu hiyo watoto wa maskini kabisa hawakuonekana humo. Hakutazama waliokuwa darasani tu, bali aliwauliza pia wasiokuwapo. Kuhusu wale wanagenzi, aliona kwamba walikuwa wamejaza vichwa habari nyingi huku akili na lugha yao ikibaki changa. Alishauri wapewe maandishi bora ya lugha yao wayasome na kuyaweka moyoni.

Miaka miwili baadaye alieleza katika ripoti nyingine jinsi alivyouona wajibu wake. Kwa maoni yake, kazi ya mkaguzi ilikuwa kuitafuta kweli kuhusu shule na kuiandika kama ilivyo. Alijua kwamba walimu wengi walifanya kazi katika shida, na kwamba ripoti kali ingewaumiza. Hata hivyo alishikilia kwamba huruma isiyosema kweli haimsaidii mtu, kwa maana serikali na wananchi wakidanganywa kuhusu hali ya shule hawatajua pa kupeleka msaada. Nasi twasema: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Safari ya bara la Ulaya

Mwaka 1858 serikali iliunda tume ya kuchunguza elimu ya watu wote, chini ya uongozi wa Duke of Newcastle. Tume hiyo ilimtuma Arnold nje mwaka 1859, naye akatembelea Ufaransa, Uswisi inayosema Kifaransa, na Uholanzi. Safari hiyo ilimfungua macho. Kwa mara ya kwanza aliona nchi ambazo serikali iliihesabu shule ya msingi kuwa jambo lake yenyewe, si sadaka ya kuwagawia watu wema.

Huko Uholanzi alijifunza habari za sheria ya mwaka 1806, iliyowafanya wakaguzi kuwa nguzo ya elimu yote. Chini ya sheria ile hakuna aliyeruhusiwa kufundisha, katika shule ya umma wala ya binafsi, pasipo kutahiniwa na kupewa kibali. Wakaguzi ndio waliowatahini waombaji, wakazitembelea shule za aina zote mbili, na wakakutana kushauriana. Nguvu ya usimamizi ilianzia kwa mwalimu mwenyewe: kwanza ahakikishwe kuwa anafaa, kisha aaminiwe na kuongozwa. Arnold alirudi nyumbani akiwa na imani hiyo, na akaikuta serikali yake ikielekea njia nyingine kabisa.

Kanuni ya mwaka 1862

Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1861. Ilisema kwamba watoto wengi walikuwa wakiacha shule bila kumudu kusoma, kuandika na kuhesabu. Robert Lowe, aliyeisimamia elimu Bungeni, akaandaa kanuni mpya iliyojulikana kama Kanuni Iliyorekebishwa. Shabaha yake ilikuwa serikali ilipie tu kile kinachoweza kupimwa.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mtoto aliyezidi umri wa miaka sita aliweza kuiletea shule shilingi 12 kwa mwaka. Shilingi 4 zilitokana na mahudhurio, na shilingi 8 zilitokana na mtihani aliotahiniwa na mkaguzi, mtoto mmoja mmoja. Kila alipoanguka katika somo moja kati ya yale matatu, shule ilipoteza shilingi 2 na peni 8. Fedha zote sasa zililipwa kwa wasimamizi wa shule, na wengi wao wakaufungamanisha mshahara wa mwalimu na ruzuku. Mtoto alipokosea hesabu, mwalimu alipungukiwa chakula.

Arnold alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye mke na watoto wadogo. Hata hivyo, mwezi wa Machi 1862 alichapisha katika Fraser's Magazine makala ya kuipinga kanuni hiyo. Jina lake halikuandikwa, lakini wakuu wake hawakuhitaji muda mrefu kumtambua mwandishi. Aliogopa kufukuzwa, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kay-Shuttleworth, aliyekuwa katibu wa kwanza wa ile Kamati ya Elimu, alisaidia kuyasambaza maandishi hayo kwa wabunge.

Hoja zake zilikuwa tatu. Kwanza, shule haipo kwa ajili ya stadi tatu tu. Humlea mtoto awe mtu mwenye adabu, fikira na lugha, na kazi hiyo yote ingekosa thamani kwa kuwa haina bei. Pili, shule za maskini ndizo zingepoteza zaidi, kwa sababu watoto wao huhudhuria kwa kukatizwa na kuacha shule mapema. Tatu, mkaguzi angeacha kuikagua shule na kuwa karani wa kujaza alama, akiwa hana nafasi ya kusikiliza somo wala kumshauri mwalimu.

Hakufukuzwa. Wala hakushinda. Kelele za wengi, yeye akiwa mmojawapo, zilimlazimisha Lowe kulegeza mambo mawili: watoto wa chini ya miaka sita waliondolewa katika mtihani, na sehemu ya ruzuku ikalipwa kwa mahudhurio peke yake. Mengine yalibaki, na Arnold akatakiwa kuyatekeleza kwa mikono yake.

Matokeo yake

Aliyoyatabiri yakatokea. Ruzuku ya Bunge, iliyokuwa imezidi pauni 800,000 mwanzoni mwa miaka ya 1860, ilishuka hadi karibu pauni 637,000 mwaka 1865. Idadi ya walimu wanagenzi ikapungua. Historia, jiografia na masomo mengine yasiyolipiwa yakafifia. Walimu waligundua kwamba kitabu kidogo cha kusomea kikirudiwa mwaka mzima, mtoto hukikariri chote, akapata alama ya kusoma pasipo kujua kusoma. Husimuliwa habari za watoto waliosoma bila kukosea huku wamekishika kitabu juu chini. Siku ya mtihani hata watoto wagonjwa waliletwa shuleni ili shilingi zisipotee.

Tuangalie jambo hili kwa makini, kwa kuwa linatuhusu. Walimu wale hawakuwa watu waovu. Walifanya kile ambacho usimamizi uliwaomba wakifanye. Mkaguzi alitafuta alama, nao wakamzalishia alama. Arnold aliandika katika ripoti za miaka ya 1860 kwamba mtihani ulikuwa umegeuka mchezo wa werevu kati ya mwalimu na mkaguzi, na kwamba uhai wa fikira ulioanza kuonekana shuleni kabla ya mwaka 1862 ulikuwa unazimika. Takwimu zilipendeza, lakini mtoto hakuwa ameelimika.

Ukaguzi wenyewe nao ulitiwa shaka. Mwaka 1864 Bunge lilimshutumu Lowe kwamba ofisi yake ilikuwa ikizipunguza ripoti za wakaguzi zisizoipendeza, naye akajiuzulu. Baadaye shutuma hiyo ilifutwa. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba ripoti ya mkaguzi ina maana pale tu inapofika kwa wananchi ikiwa nzima.

Shule za bodi na miaka ya mwisho

Mwaka 1870 ilipitishwa Sheria ya Elimu iliyoandaliwa na W. E. Forster, shemeji yake Arnold. Mahali ambapo shule hazikutosha zilianzishwa bodi zilizochaguliwa na wakazi, nazo zikajenga shule kwa fedha za kodi. Sasa shule za bodi na shule za hiari zilikaguliwa na mkaguzi mmoja wa wilaya, ambaye hakuuliza tena habari za dini. Arnold alipewa wilaya ya Westminster jijini London. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, kwa kuwa kipimo kilikuwa kimoja kwa shule za aina zote mbili. Lakini kipimo chenyewe kilikuwa kibovu, na ubovu wake ukaziumiza zote kwa usawa.

Arnold hakukaa akilalamika tu. Alitafuta nafasi ndani ya kanuni ile ile. Aliendelea kudai watoto wapewe mashairi mazuri wayajifunze kwa moyo, na somo hilo lilipoingizwa katika orodha ya masomo yaliyolipiwa aliliunga mkono kwa nguvu. Mwaka 1872 alitoa kitabu cha shule kilichotokana na sura za mwisho za Isaya, ili mtoto wa mfanyakazi asome maandishi makubwa yakiwa kamili. Msomaji atauliza kama huku nako si kukariri. Tofauti ni kubwa. Anayekariri ukurasa ili kumdanganya mkaguzi huusahau kesho yake. Anayejifunza shairi analolielewa hubaki nalo maisha yake yote.

Si haki kumsifu pasipo kutaja upungufu wake. Kazi ilimchosha, na rundo la karatasi za kusahihisha lilimchukiza. Ziara zake nyingine zilikuwa fupi, na sehemu kubwa ya kuwatahini watoto aliiachia mikono ya msaidizi wake. Alikuwa na mzigo mwingine pia: kati ya mwaka 1868 na 1872 alizika wana watatu. Lakini walimu walimjua kuwa mtu mpole asiyewatisha watoto, na kila mwaka aliandika aliyoyaona, ingawa alijua kwamba wakubwa hawataki kuyasoma.

Mwaka 1884 alifanywa mmoja wa wakaguzi wakuu, na Aprili 1886 akastaafu. Tarehe 15 Aprili 1888 alikwenda Liverpool kumpokea binti yake aliyekuwa akirudi kutoka Marekani, na huko moyo ukasimama ghafla. Alizikwa Laleham, kijiji alichozaliwa. Miaka miwili tu baada ya kifo chake, kanuni ya mwaka 1890 ilianza kuuvunja utaratibu wa kulipia matokeo, na kabla ya karne kwisha ulikuwa umeondoka. Ripoti zake za shule zilikusanywa kitabuni mwaka 1889. Hazina hasira, zina kweli tu, mwaka baada ya mwaka.

Funzo kwetu

Mpango wa kutoa ruzuku kwa sharti la kukaguliwa ulifika hata kwetu. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuzisaidia hivyo shule za misheni. Leo nchini Tanzania kazi hiyo inaitwa uthibiti ubora wa shule, na wathibiti wake wanazifikia shule za serikali na za binafsi pia. Jina limebadilika, lakini maswali ya Arnold hayajabadilika.

Mwalimu mwanafunzi ayachukue mambo matatu kutoka katika maisha haya. Kwanza, usimamizi hufaa unapoitazama shule nzima: watoto waliopo na wasiokuwapo, somo lenyewe, na hali ya mwalimu. Alama za mtihani ni dalili moja tu miongoni mwa dalili nyingi. Pili, mkaguzi na mwalimu wote wawili wana deni la kweli. Mwalimu anayeficha udhaifu wa darasa lake humnyima mkaguzi nafasi ya kumsaidia, na mkaguzi anayeandika sifa za uongo huwanyima watoto haki yao. Tatu, mtu aweza kufanya kazi chini ya kanuni asiyoikubali bila kuuza akili yake. Atatimiza wajibu, ataeleza makosa ya kanuni hiyo kwa wenye mamlaka, na ndani ya nafasi aliyoachiwa atamfundisha mtoto kile kinachomfaa.

Siku mkaguzi atakapoingia darasani mwetu, asikute ubao ulioandikwa kwa ajili yake. Akute somo lililokuwa likiendelea kabla hajafika, na litakaloendelea akisha kuondoka.